Taa ya Kukagua Sahihi za Marubani wa Kale: Tazama Kabla Hujanunua

Ngoja nizime taa za chumba, niwashe hii ya urujuanimno (UV), mwanga usioonekana kwa macho. Haya, mnaona? Karatasi yote inawaka buluu, kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga! Na muuzaji anaapa eti hii ni sahihi ya Wilbur Wright, mmoja wa wale ndugu wawili waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. Jamani, Wilbur alifariki 1912. Kinachowaka hapa ni dawa ya kung'arisha karatasi, na dawa hiyo ilianza kutiwa viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sasa marehemu alisaini akiwa wapi?

Betri, uzito, kifuko chake, hayo mnayajua. Nataka muone mwanga. Hii ni ya nanomita 365, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Subiri nisogeze kamera... na hii ya yule mshindani ni 395. Zambarau imetapakaa kila mahali, hata karatasi ya kale inaonekana kama inawaka! Nairudisha ya 365: ya kale imetulia, kahawia hafifu, na ya bandia inajitangaza yenyewe. Hapo nawavulia kofia watengenezaji. Ila usiimulike sahihi kwa muda mrefu, wino utapauka.

Na msilewe sifa. Mghushi mjanja huchana ukurasa mtupu wa kitabu cha zamani, na hapo taa haisemi kitu. Ndiyo maana wameweka lenzi ubavuni. Ndogo mno, inaniudhi! Lakini vitone vya sahihi iliyochapwa utaviona, hata kijifereji cha kalamu ya gololi. Kalamu hizo zilianza kuuzwa Marekani 1945. Amelia Earhart, yule rubani wa Marekani, alitoweka safarini na ndege yake 1937. Piga hesabu.

Tena huyo Amelia, bahasha za kumbukumbu alizobeba safari ile zilipotea pamoja naye. Ukiuziwa moja "iliyookolewa ndegeni", kimbia.

Bei ni mara mbili ya mshindani. Nilinung'unika mwanzoni, nikanyamaza, na sasa kila nikishika hiyo lenzi nanung'unika tena. Nunua tu, ila weka lenzi nyingine pembeni.

Jumamosi tuko mubashara na hundi za Orville, mdogo wake Wilbur. Yeye aliishi hadi 1948, akasaini nyingi, kwa hiyo anapatikana. Bei za kaka yake ndizo zinazoliza watu. Mwenye sahihi ya rubani Mfaransa Blériot anayoitilia shaka atume picha mbili, mbele na nyuma ya karatasi. Na tafadhali, msipige kwa flashi ya simu!