Hamamu za Istanbul kwa anayefuata mzigo Laleli: uzoefu wangu

Anayekwenda Istanbul kufuata mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, hasumbuliwi na tofauti ya saa. Tangu 2016 Uturuki haisogezi tena saa zake, kwa hiyo inalingana na Dar na Nairobi mwaka mzima. Kinachochosha ni ndege ya karibu saa saba inayoondoka usiku wa manane, kisha kutwa nzima ya kupanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla na mifuko ya sampuli begani. Kwa uchovu wa aina hiyo naipa hamamu, yaani bafu la joto la Kituruki, alama za juu kuliko masaji ya hotelini, mradi iwekwe wakati wake.

Wakati wake ni jioni ya siku ya kwanza ya soko, kuanzia saa kumi na moja hivi, kisha chakula chepesi na kitanda. Mwili uliopashwa joto ukianza kupoa, usingizi huja wenyewe, na usiku huo mmoja ndio unaookoa wiki. Siku ya kutua siipendekezi hata kidogo. Hujalala, ndege imekukausha, na joto linashusha presha. Matokeo yake ni kizunguzungu. Jumapili nayo ina tatizo lake. Kapalıçarşı, soko kuu la kale lenye paa, hufungwa siku hiyo, na maduka mengi ya Laleli pia, kwa hiyo kila mtu hukumbuka hamamu kwa pamoja na wahudumu wanawaharakisha wateja.

Kutoka kituo cha tramu cha Laleli, kwa njia ya T1, kituo cha pili ni Çemberlitaş. Hamamu ya jina hilo ni kazi ya Mimar Sinan, msanifu mkuu wa majengo wa masultani wa Uturuki, ya 1584, kwa amri ya Nurbanu Sultan, mama wa Sultan Murad III. Ile ya Cağaloğlu, ya 1741, ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Majengo haya yanastahili kuonwa, lakini bei zake ni za watalii na hutajwa kwa yuro. Hamamu za mitaani hutoza lira, kwa nafuu kubwa, na kazi ya kusugua ni ileile. Uliza kwanza kama pako wazi, kwa sababu majengo ya kale hufungwa kwa ukarabati. Aliyetembelea Hamamni ya Sultan Barghash kule Mji Mkongwe atautambua mpangilio: unaingia chumba cha kubadilishia nguo, unapita cha uvuguvugu, unafika cha joto.

Unapewa kitambaa cha kujifunga, peştemal, wepesi wake kama kikoi, na ndara. Usivue ndara mpaka ufike kwenye jiwe la kulalia. Marumaru yenye povu inateleza vibaya sana. Dola za mzigo na pasipoti ziache kwenye kasiki la hoteli. Kabati la hamamu lina ufunguo, lakini si mahali pa mtaji.

Katikati ya chumba cha joto kuna jiwe kubwa la marumaru lililopashwa kutoka chini. Hapa ndipo huduma inapofaulu au kuharibika. Lala dakika 15 hadi 20 mpaka jasho litiririke. Ukizidiwa, sogea pembeni ambako joto ni pungufu. Halafu jipime: sugua kifundo cha mkono kwa dole gumba. Nongo ikijikunja kwa vipande vidogo, uko tayari. Ikiwa ngozi bado inateleza, mwombe mhudumu akusubiri. Hamamu ikijaa utaitwa baada ya dakika tano tu, ngozi haijalainika, na kese, ile glovu yao ngumu kuliko dodoki, inakukwaruza bila kutoa kitu. Mafuta au losheni uliyopaka asubuhi huleta kasoro hiyohiyo: glovu inateleza juu tu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuwe waangalifu zaidi. Ngozi ikichubuliwa, huacha weusi unaokaa majuma mengi, hasa mgongoni na kwenye mapaja. Sema "yavaş", yaani polepole, mara tu unapohisi moto. Wahudumu wazuri hupunguza papo hapo. Usinyoe siku hiyo. Hina ya harusi itafifia, kwa hiyo kama unaithamini usiiingize humo. Mwenye nywele za kusuka avae kofia ya plastiki, maana povu likiingia kwenye misuko ni kazi kulisuuza. Kese nunua yako mwenyewe sokoni, ni bei ndogo.

Baada ya kusuguliwa huja povu. Mhudumu huchovya mfuko wa kitambaa kwenye maji ya sabuni, huujaza hewa, kisha huukamua mpaka povu likufunike mwili mzima. Hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. "Masaji" iliyomo kwenye kifurushi mara nyingi ni hili povu na kukandwa kidogo. Masaji ya mafuta hulipiwa kando. Ukiichukua, omba dakika 30 za mgongo na miguu tu, na kataa kuvunjwa shingo.

Usiitegemee hamamu kwa miguu iliyovimba. Joto hupanua mishipa, uvimbe unaweza hata kuongezeka. Mwagia maji baridi kuanzia magoti kushuka chini, kisha uinue miguu juu ya mito ukifika hotelini. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake baada ya ndege, ukauma nyuma ya ugoko, usiukande na usiingie kwenye joto. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda. Wajawazito wasiingie. Mwenye dawa za presha amwone daktari kabla ya safari, na mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikanyage wala kulalia jiwe lile, ataungua bila kujua.

Kunywa nusu lita ya maji kabla na nusu lita baada. Ayran baridi, kinywaji cha mtindi, ni bora zaidi kwa kuwa ina chumvi. Wakati wa kuinuka, kaa kwanza ukingoni mwa jiwe dakika mbili. Kwa akina mama: kuna hamamu zenye sehemu mbili, na nyingine hugawa siku au saa, ukiona inapokea wanaume na wanawake pamoja, uliza waziwazi kama atakayekuhudumia ni mwanamke kabla hujalipa.

Bakshishi hutolewa ukishavaa, asilimia 10 hadi 15, kwa lira taslimu, mkononi mwa aliyekusugua. Wakati wa baridi usitoke mara moja. Kaa nusu saa chumba cha mbele na chai mpaka jasho likauke, funika kichwa, ndipo ukapande tramu.