Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani Dar es Salaam: mwite kwa chanjo, usimwite kwa upasuaji wa barazani

Mbwa mlinzi wa Goba, Kimara au Kigamboni hapandi daladala, na madereva wengi wa bajaji hawamtaki. Ndiyo maana wafugaji wengi wa mbwa na paka jijini humpigia daktari simu aje nyumbani. Kwa chanjo, dawa za minyoo na udhibiti wa kupe, huduma hii inaishinda kliniki. Kwa mnyama mgonjwa, inategemea kilichomo ndani ya begi la daktari. Kwa upasuaji wa kufungua tumbo, isitumike kabisa.

Kwanza, ujue anayekuja ni nani. Mtaani kila anayeshika sindano huitwa dokta: mwenye shahada ya miaka mitano, mfano wale wanaosomea Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, msaidizi mwenye astashahada au stashahada, na muuzaji wa duka la dawa za mifugo aliyejifunza kwa kuangalia. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawataka wawili wa mwanzo watambuliwe na Baraza la Veterinari Tanzania, na Kenya kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Veterinari. Muulize namba yake kwenye simu kabla hajaondoka. Aliyesajiliwa huitaja bila kukasirika. Msaidizi mzuri anatosha kabisa kwa chanjo na minyoo, na wapo wenye mkono mwepesi kuliko madaktari wao. Mpaka wake ni kutambua ugonjwa mgumu na kupasua.

Chanjo ndiyo kazi inayoifaa zaidi huduma hii, kwa sababu moja kubwa: mtoto wa mbwa ambaye kinga yake haijakamilika hapaswi kuwekwa kwenye sakafu ambayo jana alilala mgonjwa wa parvo, ugonjwa wa kirusi unaowatapisha na kuwaharisha watoto wa mbwa hadi kufa. Lakini chanjo ni baridi kwanza, sindano baadaye. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kwenye friji ya duka hadi mlangoni kwako, na Dar ya mwezi wa pili juu ya bodaboda haina huruma. Angalia kisanduku chake kinapofunguliwa. Vipande vya barafu viwemo, na kichupa kiwe kimefungwa kitambaa au karatasi ili kisigusane na barafu moja kwa moja, maana chanjo ya kichaa cha mbwa ikiganda huharibika kama inavyoharibika kwa joto. Chanjo ya pamoja, ile ya parvo, distempa na homa ya ini, huja katika vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu uliogandamana, kingine kina maji. Huchanganywa mbele yako na kuchomwa chini ya ngozi hapo hapo. Daktari akifika na bomba lililokwisha kuvutwa dawa, mrudishe. Huwezi kujua ni nini, wala imekaa mfukoni muda gani.

Baada ya sindano, ile stika ya kichupa yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ibandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe, sahihi na mhuri. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, "chanjo zote", haina thamani. Ipige picha siku hiyo hiyo, kadi hupotea.

Ratiba nayo inaharibiwa sana, hasa na wauzaji wa watoto wa mbwa. Chanjo ya pamoja huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Dozi hizi haziongezwi ili daktari apate hela. Kinga ambayo mtoto ameipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake huiua chanjo, na huisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto, hata wa tumbo moja. Dozi ya wiki ya 6 inaweza kushika kwa mmoja na kupotea kwa ndugu yake. Kwa hiyo dozi muhimu kuliko zote ni ile ya mwisho, na ndiyo inayorukwa, kwa kuwa muuzaji alishasema "amemaliza chanjo" akiwa na wiki 8. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Minyoo ianze mapema zaidi: wiki ya 2, ya 4, ya 6, ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3.

Mtoto anayeharisha au mwenye homa asichanjwe siku hiyo. Daktari anayejua kazi huanza na kipimajoto. Joto la mbwa mzima wa afya ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo mwili wenye joto kuliko mkono wako si homa. Na asiondoke mara tu baada ya kuchoma. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kuonyesha kama uso utavimba au mnyama ataanza kutapika, na adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe ndani ya begi, si dukani.

Kuna hila moja kwenye chanjo ya kichaa. Mara nyingi huuzwa kwa kichupa cha dozi 10. Kikishatobolewa kimalizwe siku ile ile, lakini mwenye mbwa mmoja akiita peke yake, dozi tisa zilizobaki huenda kutembea mitaani siku kadhaa. Suluhisho ni kuelewana na majirani: mbwa kumi wa mtaa mmoja, asubuhi moja, kichupa kimoja kinachofunguliwa mbele ya wote. Gharama ya usafiri nayo inagawanyika. Kampeni za bure zinazofanyika kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni nzuri na paka wapelekwe pia, ila kumbuka kwamba hapo unapata kinga ya kichaa tu. Parvo bado inamngoja nje ya geti.

Sasa mnyama mgonjwa. Kitu cha kwanza kutazama ni kama daktari amempima uzito. Mizani ya bafuni inatosha: panda na mbwa mikononi, kisha panda peke yako, toa. Hili si jambo dogo kwa sababu dawa nyingi za begi lile zilitengenezwa kwa ng'ombe. Chukua Berenil, inayotumika kwa homa ya kupe. Mchanganyiko wake wa asilimia 7 ni mililita 1 kwa kilo 20 za uzito. Mbwa koko wa kilo 8 anahitaji mililita 0.4 tu. Daktari akikadiria kwa macho kwamba ana kilo 16, amempa mara mbili, na dawa hii kwa mbwa haina nafasi kubwa kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kuumiza ubongo. Dalili huja baada ya siku moja au mbili: kuyumba, kukakamaa shingo, degedege. Mwenye mbwa hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni sindano.

Tena, homa ya kupe si ugonjwa mmoja. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vijidudu vya babesia na pia vya erlichia. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu, ufizi unakuwa mweupe au wa njano na mkojo unafanana na chai ya rangi. Erlichia mara nyingi huja taratibu: kukonda, kutokwa damu puani, madoa mekundu tumboni. Berenil haigusi erlichia. Hiyo hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28, na wengi huacha siku ya saba mbwa anapoanza kula. Kidonge kitolewe pamoja na chakula, la sivyo atakitapika. Tone la damu la ncha ya sikio, likipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, linaweza kuonyesha babesia. Daktari anayebeba vioo viwili na kuvipeleka maabara jioni hiyo hiyo ana thamani kuliko yule mwenye begi lililojaa dawa.

Kinyume chake ni ile huduma ya sindano tatu: oksitetrasaiklini (antibiotiki), multivitamini na deksamethasoni, kwa kila mnyama na kila dalili. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ndiyo inayodanganya. Usiku ule mbwa anaamka, anakula, mwenye mbwa anafurahi na kusifu. Siku mbili baadaye anaanguka, na safari hii kinga yake imeshushwa. Jike mwenye mimba anaweza kuitoa. Mwambie daktari aandike jina la kila dawa na kiasi alichochoma. Hilo litamsaidia hata daktari wa pili, ikibidi kumwita.

Parvo isitibiwe kwa kutembelewa mara moja kwa siku kama kuna njia nyingine. Mtoto wa kilo 5 anahitaji karibu mililita 300 za maji kwa siku ili aishi tu, kabla hujahesabu anayoyatapika na kuyaharisha. Dripu ya nusu saa asubuhi haifikii hapo. Anahitaji kanula (kibomba chembamba kinachobaki kwenye mshipa), maji yanayokwenda polepole mchana na usiku, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki. Mpeleke kliniki, lakini kabla ya kumwacha uliza swali hili: usiku anabaki nani? Zipo kliniki ambazo "kulazwa" maana yake ni kufungiwa kwenye tundu hadi mlinzi afungue asubuhi, dripu imeshakwama tangu saa tatu usiku. Nyumbani, osha uchafu kwanza kwa sabuni, kisha pitisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10. Dettol haiui kirusi hiki.

Kwa paka, daktari wa nyumbani ana faida, maana paka huvurugwa na safari. Ila madaktari wengi wa mitaani wamekulia kwenye ng'ombe na kuku, na huonekana wanavyomshika kwa shingo na kumkandamiza. Mfunge kwa taulo, mwache kichwa nje, ataweza kupimwa bila kelele. Usikubali paka apewe Panadol hata robo. Ini lake haliwezi kuivunja, ufizi unageuka kahawia na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo ni sumu kwake. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo ni dharura ya siku hiyo hiyo na inahitaji mpira wa mkojo. Mtie kwenye tenga lenye kifuniko, mkimbize kliniki.

Upasuaji. Kuhasi dume kunaweza kufanyika nyumbani kwa daktari makini, mahali safi pasipo na nzi. Kutoa kizazi cha jike, hapana. Kawaida ya barazani ni dawa za usingizi za zailazini na ketamini, bila mpira wa hewa kooni, bila dripu, bila mtu wa pili wa kuhesabu mapigo na pumzi. Zailazini humfanya mbwa atapike na hupunguza mapigo ya moyo. Aliyekula asubuhi anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Fundo la mshipa wa ovari likiteleza, damu inamwagika tumboni na hakuna taa wala mikono ya kuutafuta. Kliniki nzuri itakuambia asile kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya upasuaji, itamtia kanula kabla ya kumlaza, itampa dawa ya maumivu ya siku kadhaa na kola ya kumzuia kulamba kidonda, na itataja siku ya kutoa nyuzi, kati ya siku 10 na 14. Isipotaja dawa ya maumivu, iulizie. Uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri, unaowapata sana mbwa wanaozurura, haukatwi: hutibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani, ya mshipani mara moja kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, kwa hiyo nayo ni ya kliniki.

Anayetaka kusafiri na mnyama kwenda Ulaya aanze mapema na asikosee mpangilio. Chipu ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayowekwa chini ya ngozi, kwanza, ndipo chanjo ya kichaa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Siku 30 baada ya chanjo damu huchukuliwa na kupelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kipimo cha kinga ya kichaa kifike 0.5 IU/ml, kisha kwa mnyama anayetoka Tanzania hungojwa miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Daktari akikuambia mambo yote yatakamilika kwa wiki mbili, hajawahi kuifanya kazi hiyo.