Mwanamke wa shamba wa Van Gogh: Nuenen 1885 au Auvers 1890?

Aisee, picha za wanawake wa shamba alizochora Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, za Nuenen na ile ya Auvers, ukiziweka pamoja huamini mkono ni uleule. Zile za Nuenen, Uholanzi, ni vipicha vidogo vya rangi ya mafuta, kichwa kimejaza turubai karibu yote, nyuma giza tupu, uso kahawia iliyochanganyika na kijani kama ngozi imepakwa udongo, na ile kofia nyeupe ndo inabeba mwanga wote. We angalia vizuri lakini, ule weupe sio mweupe kabisa, ni kijivujivu, unang'aa tu sababu giza limeuzunguka, na jicho halina pa kukimbilia zaidi ya mashavu na midomo minene.

Ya Auvers, Ufaransa, Juni 1890, kubwa zaidi na rangi zinapiga kelele: blauzi ya bluu yenye madoa ya chungwa, kofia kubwa ya njano, uso mwekundu, nyuma ngano. Bluu na chungwa zinasukumana, inapendeza sana, ila kwangu ngano inamnyang'anya mama nafasi. Nachagua Nuenen, tena bila kusita, pale mtu ndo picha yenyewe.