Jenereta ya tela ya 60 kVA kwa mjengo na kukodisha: uzoefu wangu Mombasa

Nimekaa na jenereta hii miaka kadhaa, ikihama saiti moja hadi nyingine: Nyali, Shanzu, Mtwapa, mara Likoni, mara Diani. Ni ya 60 kVA (kipimo cha ukubwa wa jenereta), imefungwa juu ya tela la ekseli moja, injini ni Perkins ya silinda nne, na niliinunua mtumba. Wiki ambazo sina mjengo huwa naikodisha. Wanaotaka kununua ya aina hii huniuliza injini gani ni bora. Mimi kwa hapa pwani naanza na maswali mengine mawili: utaibebesha mzigo gani, na bodi lake litastahimili chumvi kiasi gani. Perkins na Cummins zote zinadumu zikitunzwa, na mafundi wanaozijua wapo. Kinachoua jenereta Mombasa mara nyingi hakianzii ndani ya injini.

Tuanze na mzigo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Hiyo 60 kVA ukiizidisha kwa 0.8, ile pawa fekta ya kawaida ya jenereta, unapata kilowati 48 za kazi, na kwa fezi tatu za volti 415 ni kama ampea 83 kila fezi. Kwa saiti ya ghorofa chache inatosha kabisa: poka za kutetemesha zege, mashine ya kukata nondo, mashine mbili za kuchomelea, pampu ya maji na taa za usiku. Shida huja kwenye kuwasha mota. Mota ya kilowati 11 ikishakolea inakula takriban ampea 21, lakini ukiiwasha moja kwa moja inavuta mara sita hivi ya hapo kwa sekunde chache. Hesabu mwenyewe: hiyo ni zaidi ya ampea 120 kwenye jenereta ya ampea 83. Volti zinashuka, taa zinafifia, na kama kuna vifaa vingine vinafanya kazi, breka inaweza kukata. Utaratibu wangu ni mota kubwa kuwashwa kwanza, vingine vifuate baada ya kutulia. Na mwenye mota kubwa zaidi ya hiyo namwomba aifungie stata ya stardelta, inayopunguza umeme unaovutwa wakati wa kuwasha.

Watu wakishasikia hivyo hukimbilia kununua kubwa. Naomba msifanye hivyo bila kupima. Injini ya dizeli ikifanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati moto wa kutosha, dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta yanajaa kwenye ekzosi na turbo. Niliwahi kuitwa kuangalia ya 100 kVA ambayo mteja mmoja aliikodi kwingine kwa ajili ya taa na kompyuta za ofisi ya saiti tu. Kwenye maungio ya ekzosi ilikuwa inavuja uji mweusi, mzito, na ubavu wote wa kanopi, yaani kasha la bati linaloifunika, umechafuka. Injini yenyewe haikuwa na kosa, ila ilipewa kazi ndogo mno. Yangu naipenda ikiwa kati ya asilimia 60 na 75. Kwa mzigo huo inakunywa lita 9 hadi 11 kwa saa, na moshi huuoni.

Sasa chumvi. Kutu ya kanopi yangu ilianza kwenye bawaba za milango na boliti za chini, si kwenye bati lililo wazi. Boliti za asili hazikufaa kwa pwani kabisa, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa mashine hii. Nilizitoa moja moja nikaweka za chuma cha pua, na bawaba nikazipaka grisi. Sehemu ya pili ni redieta. Karibu na bahari, mapezi yake yanashika chumvi, kisha vumbi la saruji linaganda juu yake, na ghafla injini inapanda joto mchana wa kaskazi wakati jua limekaza. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa presha ndogo, kutoka upande ambao upepo wa feni unatokea nje. Mpira wa presha wa kuoshea magari unakunja mapezi, na yakishakunjika hewa haipiti tena.

Jenereta ikikaa bila kazi ndiyo huharibika zaidi. Unyevu unaingia kwenye waya za alternata, sehemu inayozalisha umeme, na vichwa vya betri vinaota ukungu wa kijani. Hata kama hakuna mteja, mimi huiwasha walau mara moja kwa mwezi, na huipa mzigo wa kweli kwa nusu saa au zaidi. Kuiacha ingurume bure hakusaidii. Ikiwa imelala msimu mzima wa masika, fundi huipima kwanza alternata kwa mega, kifaa cha kuonyesha kama waya zinavujisha umeme, kabla ya kuunganisha chochote.

Maji kwenye dizeli nayo usiyadharau. Tangi likilala nusu, hewa yenye unyevu iliyo juu ya mafuta inapoa usiku na kugeuka matone. Jaza jioni baada ya kazi, na asubuhi fungua kizibo cha chini cha filta ya kutenganisha maji mpaka dizeli safi itoke. Kile kikombe cha kioo kinakuonyesha wazi: maji yanakaa chini, dizeli inaelea juu yake. Ni kazi ya dakika moja inayookoa pampu na nozeli.

Oili na filta yake ni kila saa 250 kwa mita ya mashine, usihesabu miezi. Saiti ya saa 10 kwa siku inazimaliza ndani ya siku 25. Filta ya hewa kwenye vumbi la saruji huwa haifiki muda ulioandikwa kitabuni, kwa hiyo angalia kiashirio chake kila siku.

Tela lenyewe watu hulisahau. Tairi zinapasuka kwa jua hata zisipotembea, na beringi zinahitaji grisi. Ukivuka feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia ni mkali, basi pandisha kile kigurudumu cha mbele mpaka juu kabisa la sivyo kitagonga. Kwa Diani siku hizi napitia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Ukifika saiti, shusha miguu yote na uisawazishe, kwa sababu ikilala upande kipimo cha oili kinadanganya. Waya wa ardhini pia una kazi yake hapa kwetu: kwenye jiwe la matumbawe nondo ya shaba haizami, kwa hiyo tafuta udongo wenye unyevu, hata kama ni mita kadhaa kutoka kwenye tela, kisha pima.

Kwenye kukodisha, kuna mteja fundi wake alifunga waya wa kihisi cha presha ya oili ili mashine isijizime. Kidhibiti cha jenereta, cha kampuni ya Deep Sea, kilikuwa kimehifadhi kila onyo na saa yake, tukaona yote, na bahati injini ilikuwa haijakwaruzika. Tangu hapo haiendi popote bila mtu wangu wa kuilinda, na mshahara wake umo ndani ya bei ya siku. Wateja wawili watatu walilalamika, wakaenda kwingine. Waliobaki hunipigia mapema, kabla hata zege halijapangwa.