Catalina ya sentimita 66: uzoefu wangu wa kuipaka rangi hapa Lamu

Nimekaa na Catalina hii, ndege ya kivita ya zamani inayotua majini, mezani tangu Februari hadi Agosti, na sasa imekamilika naweza kuisemea. Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya karibu mita 32 toka ncha hadi ncha; hii yangu ni sentimita 66. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, vidaka vimejaa ukutani, na hakuna kidaka hata kimoja kinachoweza kuipokea. Anayefikiria kununua modeli ya ukubwa huu apime meza yake kwanza, kisha apime mahali itakapokaa ikiisha.

Nilichagua Catalina kwa sababu ni ndege ya bahari yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walizituliza majini Kipevu, Mombasa, zikiwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Kikosi chao nambari 209, ambacho Catalina yake ndiyo iliyoiona manowari ya Kijerumani, Bismarck, mwezi Mei 1941, kilihamishiwa pwani hii mwaka 1942. Marehemu babu alikuwa hamali bandarini miaka hiyo, na alizoea kutusimulia ndege inayotua majini kama bata. Nilitaka kuishika mkononi.

Kuunganisha hakukunisumbua sana. Sanduku lilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, likavuka kwa boti, na vipande vyote vilifika salama, hata vioo. Bawa hukaa juu ya nguzo moja nene katikati ya mgongo, na vipande vyake vilishikana bila kulazimishwa. Injini mbili, zenye silinda 14 kila moja, zimechongwa vizuri sana. Taabu ilikuwa kwenye kiwiliwili. Nusu zake mbili zilikuja zimepinda kidogo, na nilipozigandisha ufa ukabaki toka puani hadi mkiani, mahali pengine ukucha unaingia. Nikajiambia rangi itafunika.

Jirani yetu ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni. Alipita kumsalimu mzee, akakiona kile kiwiliwili mezani, akakichukua na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa chini, polepole, vile anavyopapasa ubao.

“Chombo hiki hukukikalafati,” akaniambia.

“Ami, hicho kitapakwa rangi.”

“Rangi haizibi ufa, mwanangu. Itauonyesha tu.”

Nilimsikiliza, na ndiyo sababu modeli hii inatazamika. Wiki mbili nzima nilijaza puti, ule udongo laini wa kuzibia nyufa, nikasubiri ikauke usiku kucha, nikapiga msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1000. Tumbo la Catalina ni la boti kweli, lina mkuku, na kidato kama ngazi ndogo chini yake, na ukisugua kwa pupa ukali wa mkuku unafutika, chombo kinageuka kuwa sabuni iliyotumika. Nilifunga msasa kwenye kipande cha ubao ulionyooka nikaenda upande mmoja mmoja. Praima ya kijivu, rangi ya kwanza ya msingi, ilinionyesha mikwaruzo ambayo jicho halikuiona kwenye plastiki tupu. Nilirudia mara tatu.

Rangi nilizotumia ni akriliki za Tamiya, nikazichanganya na thina yake mwenyewe hadi ziwe nyepesi kama maziwa, na kupuliza kwa bomba dogo la kompresa. Nyeupe ya tumbo na ubavuni ilitangulia, kwa sababu kuweka nyeupe juu ya kijivu ni kujitafutia kazi. Nyeupe haifuniki haraka. Mtu akiipuliza nzito mara moja inatiririka na kujikusanya kwenye mikunjo. Mimi nilipiga safu tano nyembamba kwa siku tatu, na kati ya safu na safu nilifunika ndege kwa kifuniko cha sanduku lake, maana dari zetu za boriti hudondosha vumbi la chokaa usiku na mchana. Mgongoni ni kijivu cha bahari kilichokoza, na kijivu cha pili chenye ukijani. Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Kaskazi ilikuwa bado inavuma, hakuna mvua, na kila rangi ilikaa palepale nilipoitaka.

Kabla ya dekali, zile alama za kulowesha majini na kubandika, nilipiga vanishi inayong'aa, na usiruke hatua hii. Uso usiong'aa una vijishimo, hewa inanasa chini ya dekali, na ikikauka inametameta kama magamba ya samaki. Maji yalinipa somo jingine. Ya kisima chetu yana chumvi, na alama ya kwanza niliyoibandika ilikauka ikiwa na duara jeupe pembeni. Nikaipangusa kwa pamba yenye unyevu, nikanunua chupa ya maji ya betri (yale yaliyotoneshwa, si asidi), na zilizobaki zote zikatoka safi.

Kisha nikafanya haraka. Ilikuwa jioni ya Mei, masika yamekolea, mvua imetoka kukatika na kuta zinatoka jasho. Nikapuliza vanishi ya mwisho, ile isiyong'aa. Kwa dakika mbili ilipendeza. Halafu kijivu cha mgongo kikaanza kupauka mbele ya macho yangu, kikianzia bawa la kulia, kama kioo kilichopumuliwa, ila ukungu huu haukuondoka. Bomba nalo likatema tone la maji, kwa sababu kichujio cha kompresa kilikuwa kimejaa. Thina inapogeuka mvuke haraka huupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unanasa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Usiku ule sikulala vizuri.

Dawa yake haikuwa kusugua. Baada ya siku kadhaa nilipata asubuhi yenye jua kali, nikamwaga maji ya kichujio, nikapuliza safu nyembamba ya vanishi inayong'aa juu ya ule ukungu, na rangi ikarudi kutoka chini yake kama ilivyokuwa. Isiyong'aa niliiacha kabisa hadi Agosti. Nikaipiga saa nne asubuhi, siku kavu, madirisha wazi, ikakaa vizuri. Kwa hiyo mtu wa Lamu, au hata Malindi, akiniuliza lini aanze, nitamwambia Desemba au Januari, ili vanishi ya mwisho imkute kabla ya masika.

Neno kuhusu vioo, maana Catalina bila yale mapovu mawili makubwa ya ubavuni, madirisha yaliyovimba nje, si Catalina. Usitumie supa gluu, mvuke wake unatia weupe kwenye plastiki angavu. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao, inakauka bila rangi. Fremu zake nilizifunika kwa tepu ya karatasi niliyoikata vipande vyembamba kwa wembe, na povu moja lilinichukua saa tatu.

Modeli yenyewe ningeinunua tena, pamoja na kiwiliwili chake kilichopinda. Mwenye kuanza kabisa asianze na hii. Ashike kwanza ndogo ya kipimo cha 1/72 ajifunze mshono. Na aweke fedha za rangi, thina, puti na msasa kando mapema, kwani kwangu vilipita bei ya sanduku, na vingi nilibidi kuviagiza kutoka Mombasa.

Imening'inia sasa chini ya boriti ya ukumbini kwa nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia, na kila Ijumaa naipangusa chokaa kwa brashi laini.