Pedi iliyoisha kimyakimya: uzoefu wangu na breki za pikapu

Seti hii ya pedi za mbele nimeitumia kwa kilomita 41,000 kabla sijaandika neno. Ni pedi zenye unga wa chuma ndani ya mchanganyiko wake, zile ambazo mafundi wengi huchagulia gari la mzigo kwa kuwa zinavumilia joto. Boksi lina pedi nne, mbili kwa kila gurudumu, na klipu mpya za kushikia. Sambamba nazo niliagiza kipimo cha pedi: vipande vyembamba vya plastiki vyenye rangi, kila kimoja kimeandikwa milimita zake. Nitaanza na hicho kipimo, ingawa ndicho kitu rahisi kuliko vyote nilivyonunua.

Nilikinunua baada ya kuaibika. Kabla ya hapo kanuni yangu ilikuwa moja tu: pedi zikilia, nabadilisha. Na wala si kanuni ya ovyo. Pedi nyingi zina kidole chembamba cha chuma kilichofungwa kwenye bamba la mgongoni. Nyama ya pedi, yaani ile sehemu inayosuguana na diski, ikishuka hadi milimita 2 au 3 hivi, kidole hicho hugusa diski na kupiga mlio mkali kama filimbi. Basi nikawa mtu wa kusubiri filimbi. Siku moja nikiwa nashuka mteremko na mchanga umejaa nyuma, badala ya filimbi nikasikia kitu kinasaga, sauti nzito, kama koleo linaburutwa kwenye saruji, na pedali ikanitetemekea chini ya unyayo. Nikashusha gia, nikafika chini polepole huku jasho linanitoka.

Nilipofungua gurudumu la kulia, pedi ya ndani, ile yenye kidole, ilikuwa na milimita 5 zake salama salimini. Ya nje ilikuwa bamba tupu, na diski imechimbika mifereji. Filimbi isingeweza kulia, kwa sababu kidole kilikuwa upande wa ndani peke yake.

Sababu yake niliielewa nilipoivua kalipa, ile koleo ya chuma inayobana pedi kwenye diski. Kwenye gari langu pistoni ziko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni zinasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini moja ilikuwa imeganda kwa kutu. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulishachanika zamani. Nikiachia pedali, pedi ya nje hairudi, inabaki inajikwangua kwenye diski kutwa nzima. Dalili nilikuwa nimeziona na kuzipuuza: rimu ya kulia ilikuwa ikitoa joto kuliko ya kushoto hata baada ya safari fupi, na gari likiwa tambarare halikuserereka kama zamani nikitoa mguu kwenye mafuta. Nikasingizia tairi.

Diski zenyewe hazikuchongeka tena. Diski huwa na unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, umeandikwa juu yake, aghalabu umepigwa mhuri ukingoni au kwenye kofia yake, na ya kulia ilikuwa imeshapita hapo. Nikabadilisha zote mbili, kwa kuwa kuweka mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili ni kutafuta gari la kuvutia pembeni kila ukikanyaga.

Kwa hiyo kipimo. Unavua gurudumu, unachomeka kipande pembeni mwa nyama ya pedi, kati ya bamba na diski, unaona ni kipi kinalingana. Kijani ni salama, njano anza kutafuta pedi, nyekundu usiende mbali. Kazi ya dakika kumi kwa upande ukiwa na jeki na stendi. Uzuri wake ni kwamba kinakulazimisha upime nyama peke yake. Kuna fundi aliwahi kuchungulia kwenye matundu ya rimu yangu akaniambia, "Bado zipo nene, mzee, tembea." Alichokuwa anakiona ni nyama pamoja na bamba la chuma, na lile bamba peke yake lina kama milimita 5. Halafu kupitia rimu unaona pedi ya nje tu. Ya ndani imejificha. Tangu siku hiyo sipokei jibu la "bado zipo." Naomba vipimo vinne vya milimita, kimoja kwa kila pedi.

Mimi nabadilisha kwenye milimita 3. Wapo wanaozisukuma hadi 2, na gari dogo la mjini labda linavumilia. Pikapu yenye tani nyuma ni habari nyingine: nyama ikiwa nyembamba, joto linapita haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta ya breki, na mafuta yaliyozeeka yamenyonya unyevu, yanachemka mapema. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inakuwa kama sponji wakati ule ule unapoihitaji.

Kuhusu hayo mafuta, kuna kosa nililikwepa kwa bahati. Niliona yameshuka kwenye kichupa, karibu na alama ya chini, nikataka kuongeza. Kumbe pedi zikilika, pistoni husogea nje na mafuta huzifuata, kwa hiyo kichupa kushuka taratibu ni dalili ya pedi kuisha (kushuka ghafla ni kuvuja, hapo usiendeshe). Ningejaza, siku ya kurudisha pistoni ndani ili pedi mpya zikae yangefurika, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari.

Sauti nazo zimenifundisha kutokuwa na papara. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaokwisha ukikanyaga mara mbili tatu, ni kutu nyepesi juu ya diski. Filimbi ya kidole ni nyembamba, inakuja gari likitembea, na mara nyingine inanyamaza ukikanyaga. Kusaga ni chuma kwa chuma, hapo hakuna mjadala. Na kuna sauti ya nne inayotisha kuliko zote lakini haina maana yoyote: kokoto iliyonasa kati ya diski na lile bati la kukinga vumbi. Inapiga kelele kama gari linachinjwa. Nilishawahi kuvua gurudumu barabarani, jua la saa saba, nikakuta kijiwe kikubwa kama punje ya mahindi.

Sasa pedi zenyewe. Kuzifunga kulikuwa rahisi; zilikaa kwenye nafasi yake bila tupa. Pini zote nne nilizisafisha, nikazipaka grisi maalumu ya pini za breki, nikaweka mipira mipya. Kisha nikafanya ujinga: nikawasha gari na kulirudisha nyuma kabla ya kupampu pedali. Mguu ukazama hadi chini, kwa sababu pistoni nilikuwa nimezisukuma ndani zote na zilikuwa mbali na pedi. Handibreki ndiyo iliyoniokoa ukuta. Pampu kwanza, hadi pedali iwe ngumu, ndipo uwashe.

Kilomita za mwanzo zilinikatisha tamaa. Breki zilikuwa za uvivu. Nilizifunza kwa kwenda kama kilomita 50 kwa saa, nakanyaga kwa wastani hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, naachia zipoe, narudia. Mara kumi hivi. Baada ya hapo zikashika, na nikiwa na mzigo ndipo ninapozipenda zaidi: kwenye mteremko mrefu hazijawahi kulegea, ingawa nashuka kwa gia na siachi mguu juu ya breki. Lawama zangu ni mbili. Zina vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu, na asubuhi ya baridi hushika kwa kishindo kidogo mara ya kwanza. Mwenye gari la familia asiyebeba kitu angeridhika zaidi na za seramiki, kimya na safi.

Jambo lililoniongezea kilomita nyingi kuliko aina ya pedi lilikuwa nyuma. Pikapu yangu, kama nyingi, ina breki za dramu nyuma badala ya diski, na zile dramu tulikuwa tumezisahau. Handibreki ilikuwa inapanda hadi kidokozi cha kumi na moja (ule mlio wa "ka" unapoivuta) ndipo ishike. Fundi alipofungua, kile kifaa cha kujirekebisha kiligandia kwenye kutu, na breki shuu, zile zinazosukumwa kubana dramu kwa ndani, zilikuwa mbali nayo. Maana yake breki za mbele zilikuwa zinasimamisha gari, mzigo na mimi, peke yake. Pia kuna vali kwenye chesi iliyofungwa kwa springi hadi kwenye ekseli. Mzigo ukikaa na chesi ikashuka, inaruhusu nguvu zaidi iende kwenye breki za nyuma. Mkono wake nao ulikuwa mgumu kama mfupa. Vyote vilisafishwa na kurekebishwa siku moja, handibreki ikarudi vidokozi sita.

Tofauti naiona kwenye daftari. Seti ya zamani ilikufa kwenye kilomita 26,000. Hii ilianza na milimita 12. Kwenye 20,000 pedi nyembamba kuliko zote ilikuwa 8.5, yaani imekula 3.5. Nikapiga hesabu: hadi ifike 3 zimebaki 5.5, kwa mwendo ule ule ni kama kilomita 31,000 nyingine. Wiki hii, kwenye 41,000, nimepata 5, 5, 4.5 na 4.5. Zimeliwa haraka kidogo kuliko hesabu, kwa sababu miezi mitatu iliyopita nilikuwa nabeba mawe. Lakini zinakwisha pamoja, ndani na nje, kulia na kushoto, na hilo kwangu ni kubwa kuliko jumla ya kilomita.

Pedi nazipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu na hizi zina kidole cha onyo kwenye pedi za ndani tu, na mtengenezaji hakuandika popote kwenye boksi. Kipimo cha plastiki nakipa tano, pamoja na kwamba kile chekundu nimeshakikalia kikavunjika.