Mashine inakimbia, lakini mvua zangu zimeuzwa

Nilimwambia fundi wa kompyuta mara tatu. Mara ya kwanza pale mezani kwake, Kariakoo, nikimkabidhi laptop. Mara ya pili kwa simu, aliponipigia kusema hadidiski imechoka na dawa yake ni kuweka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Mara ya tatu jioni ileile, kwa ujumbe: mwanangu, ile diski ya zamani usiitupe, ina kazi yangu, nitakuja kuichukua. Akajibu "Sawa mama." Ujumbe huo bado ninao.

Nilipokwenda, siku mbili tatu baadaye, mashine ilikuwa tayari na diski haikuwepo. "Nilishamfungia mteja mwingine, mama. Ilikuwa bado inadunda." Yaani ile ile aliyoniambia imechoka. Kaifomati, kaifunga kwenye mashine ya mtu, na mtu kaondoka zake. Nikamwuliza kama anajua mlikuwa na nini mle, taratibu, kwa sababu niliona nikipaza sauti nitalia. Nikamwambia ni kumbukumbu za hali ya hewa, za miaka.

Akacheka. Na muuza chaji wa meza ya jirani naye akacheka. "Sasa mama, hali ya hewa si iko kwenye simu? Lete nikuwekee programu, bure."

Bure! Nimelala na neno hilo siku kadhaa sasa.

Nina kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya bati langu, Kigamboni. Kuna kipimamvua, kipimaupepo, kipimajoto ndani ya kivuli chake, na baromita, kipima mgandamizo wa hewa, sebuleni. Kila dakika tano vyote vinaandika kwenye laptop. Nilikifunga mwaka 2021, baada ya Kimbunga Jobo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha, kimbunga kikadhoofika kabla ya kutufikia, na mtaani wakasema tumedanganywa. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na kauli ile iliniuma. Hakuna aliyedanganya, kimbunga kilidhoofika tu. Ila niliona pia kwamba katika sisi tuliokuwa tunabishana pale gengeni, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema mvua imenyesha milimita ngapi. Tulikuwa tunabishana mikono mitupu.

Tangu hapo kila jioni ninafanya jambo moja. Mida ya saa kumi na mbili na nusu hesabu mpya za GFS, mfumo wa utabiri wa Wamarekani, zinaanza kutoka. Kompyuta yao hupiga hesabu za dunia nzima mara nne kwa siku. Za ECMWF, kituo cha utabiri cha Ulaya ambacho kompyuta yake iko Bologna, Italia, zinafuata baadaye. Naandika zote mbili zinatabiri nini kwa mtaa wetu, kesho yake natazama kipimo changu kimesema nini. Wenzangu wachache wanafanya hivyo hivyo Tanga na Mafia, tunapeana namba, tunabishana hadi usiku nani kaonewa na kompyuta ipi. Kompyuta zile zinaigawa dunia kwa viraba vya kilomita 9, au 13, wakati wingu la mvua la pwani linaweza kuwa dogo kuliko kiraba kimoja. Linashusha maji Kivukoni, huku ng'ambo tunaendelea kuanika dagaa. Kwa hiyo ile namba ya kwenye simu, mwanangu fundi, hakuna aliyeipima mtaani kwako. Imekokotolewa mbali, na bila mtu wa kupima hapa chini huwezi kujua imekosea kwa kiasi gani. Mimi ndiye nilikuwa napima.

Bakapu ya mwisho niliweka kwenye flashi kabla ya vuli ya 2023. Hilo ni langu, nalikubali, na linaniuma kuliko yote. Maana vuli iliyofuata ndiyo ile ya El Niño, na Mei ya 2024 ndipo kikaja Kimbunga Hidaya.

Usiku wa Hidaya sikulala. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na laptop niliichomeka kwenye betri ya sola isije ikazima. Anayeishi pwani na baromita anajua mgandamizo wa hewa wa huku unapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama mtu anayepumua usingizini: juu mida ya saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini mida ya saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Nilishauzoea mstari ule wa baromita kwenye laptop kama mapigo ya moyo wangu. Usiku ule mstari uliacha mwendo wake. Ulipotakiwa kupanda ulikuwa unashuka, na mimi nimekaa mbele yake na kikombe cha chai kilichopoa, nikijua kwamba kule Mafia, nyuma ya giza lile, kuna kitu kinakuja. Mstari nauona hadi sasa nikifumba macho. Namba zake sizikumbuki. Kwa nini nizikariri, wakati zilikuwa zimeandikwa kila dakika tano?

Daftari ninalo. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ya kupima mvua, naandika jumla kwa mkono, na daftari halifomatiwi. Lakini daftari linaniambia ilinyesha kiasi gani, haliniambii kwa kasi gani. Milimita 60 zikigawanyika usiku kucha, mchanga wetu unakunywa. Zikishuka ndani ya saa moja, watu wanahamisha magodoro. Kwenye daftari siku hizo mbili zinafanana.

Sasa haki yake nimpe. SSD aliyoiweka ni nzima. Mashine iliyokuwa inawaka hadi ninywe chai nimalize, leo inawaka kabla sijavuta kiti. Bei, elfu themanini na tano pamoja na ufundi, si ya kunionea. Feni kaisafisha bila kuombwa. Kama angenipa diski yangu mkononi ningemletea walimu wenzangu wote. Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kumpa nyota tatu: kazi nzuri, mdomo mbaya.

Lakini nikikumbuka kile kicheko, siwezi. Niliporudi mara ya pili kuuliza kama ana namba ya simu ya yule mteja, hakuinua hata kichwa. "Mama, kile ni kitu cha zamani, achana nacho." Akanisogezea noti ya elfu kumi mezani, kama mtu anayemfukuza ombaomba. Sikuigusa. Je, angepotezewa picha za harusi yake, angesema ni za zamani? Nyota moja, na hiyo moja ni ya feni. Mwenye kitu cha thamani ndani ya mashine aitoe diski yake mwenyewe nyumbani kabla ya kuipeleka pale. Mwenye mashine tupu aende tu, atahudumiwa vizuri.

Fundi mwingine, mtu mzima, alinieleza kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kila kitu. Yaliyomo hubaki chini mpaka yaandikiwe mengine juu yake. Kwa hiyo naomba. Kama hivi karibuni umefungiwa Kariakoo hadidiski iliyotumika ya gigabaiti 500, fungua mfuniko uitazame. Yangu ina kipande cha plasta nyeupe, nimeandika MVUA kwa kalamu ya bluu. Ukiikuta, tafadhali usiijaze muziki wala filamu. Nitakununulia mpya, kubwa zaidi, na nitakuja kuichukua mwenyewe popote ulipo.